Uso Katika Kijivu

Uso ule niliuona mara ya kwanza kwenye ramani ya mwanafunzi. Ilikuwa ramani ya aina za udongo, yenye sehemu za kijivu cha kukolea na cha kufifia, na kijana mwenyewe alitaka nakala nne za kuweka kwenye tasnifu yake. Nakala ya tatu ilipotoka niliiinua kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, kama ninavyoinua kila karatasi inayopita mikononi mwangu. Pale ambapo ramani ilionyesha kinamasi palikuwa na paji la uso. Chini yake macho mawili, pua pana, na mdomo uliofungwa kama wa mtu anayengoja umalize kusema ndipo akujibu.

Nilipoisogeza karibu, uso ulipotea. Nilipoirudisha mbali, ulirudi.

"Dada, kuna shida?" kijana aliuliza.

"Hakuna."

Alikunja ramani zake akaenda. Hilo ndilo kosa la kwanza, na naliandika hapa kabla ya mengine ili lisije likaonekana dogo.

Duka letu la fotokopi liko Wandegeya, Kampala, chumba kirefu chembamba kati ya saluni na kibanda cha chapati. Upande mmoja, juu, kuna chuo kikuu. Upande wa pili, mlimani, kuna hospitali ya Mulago. Kwa hiyo wateja wetu ni wa aina mbili, wanaosoma na wanaouguza. Mimi nilianza hapo kama msichana wa kupanga karatasi na kubana pini. Mashine kubwa ilipoharibika aliitwa fundi kutoka mjini. Akaifungua, akaipuliza, akaigonga kwa bisibisi, akaondoka, na baada ya siku mbili ikarudia yale yale. Nilikasirika kuliko mwenye duka. Nikatafuta mtandaoni kitabu cha mashine ile, kurasa zaidi ya mia nane, nikakisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Shule ya ufundi sikuingia. Ninachokijua nimekipata kwenye kitabu hicho, na kwa kufungua, na kwa kuharibu.

Lazima niseme pia nilivyo. Kwetu ni Wanubi. Babu wa babu yangu alikuja nchi hii kutoka Sudan akiwa askari, na bunduki ya Waingereza. Bunduki ilirudishwa zamani, lakini ukaguzi ulibaki nyumbani. Baba alitukagua kucha na kola kila asubuhi kabla ya shule. Mstari wa pasi kwenye mkono wa shati ulipaswa kuwa mmoja. Ukiwa miwili, unavua shati, unaanza upya, na kengele ya shule unaisikia ukiwa bado kwenu. Sasa nimekua na baba hakagui tena, ila mimi bado nimesimama kwenye foleni ile. Nikifunga duka natembea hadi kwenye mataa ya barabarani, halafu narudi kushika kufuli. Siku nyingine narudi mara mbili, na mwenye kibanda cha chapati ananicheka waziwazi.

Ndiyo maana kazi ya mashine ilinituliza. Ndani ya fotokopi hakuna doa linalokuja bure. Mstari mweusi wa kushuka ni uchafu kwenye kioo chembamba, hata uwe chembe ya gundi. Nukta zinazojirudia unazipima kwa rula: umbali kati ya nukta na nukta ni mzingo wa roli fulani, na kila roli ina mzingo wake, hivyo rula inakutajia mwenye hatia. Nilibandika orodha ya vipimo ukutani. Kila karatasi mbovu niliiweka kwenye faili, nikaiandikia kwa penseli tarehe, kasoro, na chanzo chake. Nilikuwa na furaha zaidi na faili lile kuliko na watu. Nalisema kwa aibu, lakini ni kweli.

Uso wa kwenye ramani nilijua ulikotoka, au niliamini hivyo.

Siku mbili kabla tulikuwa tumechapa ratiba za mazishi. Kampala mtu akifa leo, kesho kutwa yuko ardhini, na familia haina muda wa kungoja viwanda vya uchapaji. Wanashuka kutoka hospitalini na picha ya marehemu kwenye simu, nasi tunatoa ratiba kwenye fotokopi, jalada likiwa na uso mkubwa. Mwenye duka ana sharti moja kuhusu kazi hizo, na hapo hana mzaha: jalada lililoharibika halitupwi kwenye pipa, kwa sababu wauza karanga hupekua pipa, na hatakubali uso wa mama wa mtu ufungiwe karanga. Majalada hayo yanawekwa kwenye boksi chini ya meza. Jumamosi anayachoma mwenyewe nyuma ya jengo, akiwa amevua kofia.

Siku hiyo lilikuwa jalada la mwanamke mmoja wa makamo, mwenye kitambaa kichwani, nakala mia sita mfululizo. Na dramu yetu ilikuwa imechoka. Dramu ndiyo ile silinda inayong'aa ndani ya mashine: mwanga huandika picha juu yake, unga mweusi wa tona hunata palipoandikwa, karatasi hupita na kuuchukua, kisha wembe mrefu wa mpira huifuta ili picha ijayo ikute pasafi. Katika mashine yetu silinda ni kubwa na huzunguka mara moja kwa kila karatasi. Maana yake, picha moja ukiirudia mara mia sita, inaangukia pale pale mara mia sita. Silinda iliyochoka haisahau. Itaendelea kutoa kivuli cha uso ule, hafifu sana, juu ya kila kitu kinachofuata.

Vitabu vya ufundi huita kasoro hii mzimu. Sikulipenda neno hilo. Kwenye faili niliandika "mabaki".

Niliisafisha dramu, nikabadilisha wembe wake, nikatoa kurasa kumi za majaribio. Zote safi. Nikamwambia mwenye duka, "Imepona." Alinipigia makofi.

Hapa pana kosa la pili, ambalo ni kubwa. Kurasa zile kumi zilikuwa za maandishi matupu. Kivuli cha namna ile hakionekani kwenye karatasi nyeupe wala kwenye herufi. Kinahitaji kijivu cha kujilaza. Kipimo halisi ni kutoa ukurasa mzima wa kijivu, na mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote Wandegeya. Lakini kijivu kinakula tona, mwenye duka alikuwa ameshanung'unika juma zima, na mimi nilikuwa nimechoka, na nilitaka kusikia makofi. Kwa hiyo nilichagua jaribio ambalo nilijua mashine italishinda.

Kesho yake aliingia polisi mwanamke, amevaa sare, jasho limemlowesha mgongoni.

"Fundi, nakala tatu za kila kitu," alisema. "Daktari anazingoja, na mimi niko zamu."

Lilikuwa faili la mgonjwa: barua, majibu ya damu, na ukurasa mmoja wa picha za mishipa ya mguu zilizopigwa kwa kipimo. Ukurasa huo wote ulikuwa kijivu na weusi. Niliuweka kwenye kioo. Nakala ilipotoka niliiinua, nikaishusha haraka. Pembeni ya mshipa mweusi wa yule mgonjwa palikuwa na mtu anatazama.

Nilijiambia daktari atasoma mishipa, hatasoma kivuli. Nilijiambia macho yangu yamezoea, mwingine hataona. Nakala nyingine sikuziinua kabisa. Nikaziingiza kwenye bahasha nikaifunga, nami sina kawaida ya kufunga bahasha za wateja.

Alirudi asubuhi iliyofuata bila kofia. Mvua ilikuwa inakuja, duka lilikuwa na giza la mchana, na umeme ulikuwa unacheza. Aliweka juu ya meza karatasi moja, mojawapo ya zile nakala tatu za mishipa, akaibandika pale kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyenitolea hii?"

"Ndiyo, afande."

"Humu ndani kuna nani?"

Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kupiga kelele zote mahali pengine. Mgonjwa alikuwa baba yake, sajenti mstaafu wa polisi. Sukari ilikuwa imekula kidole cha mguu, kisha wayo, na sasa madaktari walitaka kuukata mguu chini ya goti kabla sumu haijapanda. Mzee alikuwa amekubali. Jioni, baada ya kupelekewa faili, alivaa miwani ili naye aone hiyo mishipa inayosemwa. Akaitazama ile nakala muda mrefu. Halafu akawaambia kwamba mke wake amekuja kumchukua, na kwamba hakatwi mtu hapa.

"Mama yangu amekufa miaka mingi, dada. Sasa mzee ananiagiza nipige simu kwetu Arua waanze kuchimba kaburi. Anacheka! Hajacheka mwezi mzima, leo anacheka." Aliigeuza karatasi kifudifudi. "Daktari amesema wakimpasua leo mchana kuna tumaini. Wakingoja, hakuna."

Mwenye duka alikuwa amesogea. "Nyabo, pole sana," alimwambia, kwa lile neno la Kiganda la kumheshimu mwanamke. "Lakini mashine haina mama."

Kisha akanivuta nyuma ya mashine. "Usikubali kitu," alininong'oneza. "Ukisema hapa tunatoa wafu, kesho nani ataleta cheti chake?"

"Bosi, ni ule uso wa ratiba. Sikuitengeneza. Nilisema imepona, haijapona."

Alinitazama kana kwamba nimemvulia nguo. Halafu akafungua katoni ya karatasi, akaniwekea rimu nzima mbele ya mashine. "Basi toa kijivu chako," alisema. "Toa mpaka uchoke."

Nilitoa kurasa ishirini. Zilianguka moja juu ya nyingine, za joto, na katika kila moja alikuwepo, hana mwili, hana shingo, ametulia kwenye kijivu kama mtu aliyezama kwenye maji ya kinamasi akaangalia juu. Yule polisi alisimama karibu nami akawa anasema "Yesu" kila moja ilipodondoka. Nilichukua rula. Kutoka ukingo wa juu wa karatasi hadi kwenye paji: sentimita kumi na moja na nusu. Kutoka kushoto hadi puani: tisa. Ya pili vivyo hivyo. Zote ishirini vivyo hivyo, na ile aliyokuja nayo polisi pia. Nikainama chini ya meza, nikatoa jalada moja la ratiba kutoka kwenye boksi, nikalipima. Kumi na moja na nusu. Tisa.

"Afande," nilisema, "huyu si mama yako. Naweza kumwonyesha mzee."

"Twende."

Tulipanda mlima kwa miguu kwa kuwa foleni ya magari ilikuwa imesimama. Juu ya paa za hospitali kalooli walikuwa wamejipanga, wale ndege wakubwa wenye upara, wameipa migongo mvua iliyokuwa inakuja. Nilibeba kurasa ishirini, jalada na rula kwenye mfuko wa plastiki, na nilikuwa nasema namba zile kimoyomoyo kama mtoto anayetumwa dukani.

Mzee alikuwa kitanda cha dirishani. Mtu mrefu, mweusi sana, nywele nyeupe zimekatwa kijeshi. Blanketi limeinuliwa juu ya mguu lisiuguse, na harufu yake ilikufikia kabla yake. Mkono wake ulikuwa kifuani, juu ya nakala nyingine ya ile picha ya mishipa.

"Baba, huyu ndiye fundi wa mashine," binti yake alisema.

"Hii?" Alinipima kwa macho toka juu mpaka chini. "Mutoto mudogo hivi? Mimi nilifikiri fundi ni mutu ya miwani."

"Pole na ugonjwa, mzee."

"Hapana pole. Mimi niko sawa. Wewe umefanya kazi muzuri." Akainua karatasi, akanigeuzia. "Ona. Hii ni mama ya hawa watoto. Ona mudomo. Alikuwa nangoja wewe namaliza uwongo yako yote, halafu ndiyo anajibu."

Maneno yale nilikuwa nimeyawaza mbele ya ramani, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Alikufa mimi niko kazi mupakani," aliendelea, bila kunitazama. "Narudi, kaburi imekwisha ota majani. Picha yake ilikuwa moja, iliungua na nyumba kule barakisi ya polisi. Miaka yote hii mimi nalala, naita uso yake, hapana kuja. Nimesahau uso ya bibi yangu, unasikia? Sasa amekuja mwenyewe. Na nyinyi munataka kisu."

Binti yake aligeukia dirishani.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaanza kumpangia kurasa juu ya blanketi, upande wa mguu mzima. Nilimweleza dramu, nikamweleza wembe, nikamweleza kosa langu la kutotoa kijivu. Nilisema kila kitu, haraka, kama ninavyosema nikiogopa. Mzee alihesabu kurasa kwa kidole.

"Ishirini. Wote ni yeye?"

"Wote ni mtu mmoja, mzee. Si yeye." Nikaweka jalada la ratiba.

Alilichukua. Alitazama uso, akatazama kitambaa cha kichwani, akasoma jina la marehemu polepole, akisogeza midomo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa.

"Hii ni mama ya watu wengine," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hii yangu?" Akanipa ile karatasi ya kifuani. "Hii hujapima. Pima mbele yangu."

Niliiweka juu ya godoro, nikashika rula. Sentimita kumi na tatu na nusu.

Nilisogeza rula nikaanza upya. Nikahakikisha sifuri iko ukingoni hasa. Kumi na tatu na nusu. Kutoka kushoto, tisa, sawa na zote. Lakini uso wa mzee ulikuwa umeshuka sentimita mbili nzima. Nikapima mara ya tatu, huku jasho linanitoka chini ya hijabu. Nikauinamia. Kijivu kilikuwa kizito pale juu ya kichwa, na kwa kweli sikuweza kusema kama kulikuwa na kitambaa au hakuna.

Maisha yangu yote sijapata kuziacha sentimita mbili zipite. Nimewahi kurudisha kitabu kizima kwa milimita tatu. Mzee alikuwa ananitazama, na nyuma yake binti yake alikuwa amegeuka kutoka dirishani, mkono mdomoni.

"Ngapi?" mzee aliuliza.

"Kumi na moja na nusu," nilisema.

"Kama zile?"

"Kama zile."

"Umepima sawasawa?"

"Sawasawa, mzee."

Aliegemea mto. Uso wake ulishuka, ukawa wa mgonjwa. Mpaka dakika ile haukuwa hivyo, nami ndiye niliyeushusha. Alitazama dari muda mrefu kiasi cha kusikia mvua ikianza, ikija kwa miguu kutoka upande wa bonde.

"Kama hajakuja," alisema mwishowe, "mimi nakwenda na nani? Iteni daktari. Wakate." Halafu, bila kunigeukia: "Wewe, peleka hizi kalatasi zote. Sitaki kuona."

Nilizikusanya, na ile yake nikaichanganya humo humo. Korido ilikuwa ndefu. Sikukimbia, lakini nilitamani.

Dukani niliifungua mashine mpaka kwenye mifupa. Nilitaka ile kumi na tatu na nusu. Karatasi ikichelewa kuingia, picha inaweza kuhama. Kwa hiyo nilijaribu kila trei, karatasi nzito na nyepesi, mpya na zilizonyonya unyevu. Nilizivalisha roli za kuvutia mpira mkuukuu, ziteleze. Nikichelewesha karatasi, kila kitu kilihama pamoja na uso, mishipa na maandishi. Nami nilikuwa nimeona kwenye nakala ya mzee kwamba mishipa na maandishi yako mahali pake. Ulioshuka ni uso peke yake. Mwenye duka alikuja akasimama juu yangu.

"Unatafuta nini tena? Si umemaliza?"

"Sijui."

"Fundi, hujawahi kuniambia hujui."

Siku iliyofuata polisi alipiga simu. Mguu umekatwa, mzee ameamka, anawatukana wauguzi kwa lugha tatu. Niliweka simu chini nikaenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso, kisha nikanawa tena. Juma hilo tulipata dramu nyingine, na kwenye kijivu hapakuwa na mtu. Boksi lilichomwa Jumamosi, nami nilichoma zile kurasa ishirini pamoja na majalada. Karatasi ya mzee sikuichoma. Kwenye faili sikuiweka pia, kwa sababu pale pa kuandika chanzo sikuwa na cha kuandika. Ilikaa ndani ya kitabu nyumbani, na nilihamisha kitabu kutoka chumba nilicholala.

Mwezi mmoja na nusu baadaye binti wa mzee aliniita chai kwao, kwenye nyumba za polisi. Mzee alikuwa nje kwenye kiti, kivulini, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini vizuri kabisa, mstari wa pasi mmoja.

"Eeh! Fundi ya kukata watu miguu!" alipaza sauti, majirani wakageuka. "Kuja, kuja. Kaa upande hii, upande ile hakuna mutu."

Alicheka mwenyewe. Nilikaa. Nikamuuliza habari za maumivu, akaniambia mguu usiokuwepo unawasha kidole kikubwa, na hakuna pa kukuna. Binti yake aliingia ndani kuchemsha maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku nne, na yote yalinitoka. Nikatoa bahasha nikamwekea mapajani.

"Mzee, nilikudanganya. Zile zote zilikuwa kumi na moja na nusu. Hii yako ni kumi na tatu na nusu. Nimejaribu kila njia, mashine haiwezi kufanya hivi. Labda inaweza na mimi sijui. Lakini nilijua pale pale kitandani, na nikasema namba nyingine."

Alivaa miwani, akaishika karatasi mbali na macho, kwa urefu wa mkono. Nilingoja anitukane. Ndani sufuria iligongana na sufuria.

"Ungesema kweli siku ile," alisema, "mimi nakataa kisu."

"Najua."

"Sasa niko kwa udongo."

"Ndiyo."

Karatasi haikutikisika mkononi mwake hata kidogo, ingawa kulikuwa na upepo.

"Kumbe alikuja," alisema. "Akakuta mimi niko na daktari. Akarudi."

Kisha akanigeukia, kwa heshima, kama mtu anavyomuuliza karani aliyepokea barua yake: "Na hakuacha neno? Atakuja tena lini?"

Nilichukua karatasi. Niliitazama juu na chini, nikaigeuza, nikaitazama mgongoni, kwa uangalifu wote nilio nao.

"Hapana, mzee," nilisema. "Hakuna kitu kimeandikwa."